Beringi Iliyobaki Mfukoni

Siku hizi nikipita lile duka la spea mjini Meru, nainamisha kichwa. Nilikuwa nimepeleka beringi kuukuu ya baiskeli yangu ya milimani kama sampuli, baada ya kuisafisha kwa petroli hadi ikang'aa. Mama Kendi, mwenye duka, alinipa mpya ya saizi ileile, imefifia kwa grisi ya kiwandani, nikatia zote mfukoni.

Nyumbani nikafunga iliyong'aa. Gurudumu likazidi kulia.

Nikarudi, mimi mwalimu mzima, nikamfokea mbele ya watu: "Unatuuzia feki!" Mteja mmoja akarudisha cheni aliyoshika, akaondoka.

Nilipovuta leso nijifute jasho, beringi mpya ikaanguka, ikabingirika hadi miguuni pa Mama Kendi.

"Mwalimu," akauliza kwa upole, "sasa ulifunga ipi?"