Rezista Mbili za Kitanda cha Mtoto

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya vifaa vya hospitali, hapa mjini, Fundi Mkuu alinipa mita ya kupimia umeme na rezista mbili. Rezista ni kijiti kidogo kinachobana umeme usipite wote kwa mkupuo. Kipimo chake ni omu.

"Ziunge mkia kwa kichwa, upime."

Kila moja ilikuwa omu elfu moja. Pamoja zikasoma elfu mbili.

"Sasa ziunge ubavu kwa ubavu."

Zikasoma mia tano. Nikadhani mita mbovu.

"Mita nzima, Zuhura. Msikiti wenye mlango mmoja na wenye miwili, watu watatoka upi upesi?"

Baadaye nilihamishiwa Mwanakwerekwe, kisha kituo kimoja upande wa Paje. Huko, asubuhi moja, kitanda cha kupashia joto watoto njiti kilizima. Mtoto kazaliwa alfajiri, mama yake anatoka damu. Muuguzi, Bi Salma, alikuwa amempakata mtoto kifuani.

"Fanya upesi, Bi Zuhura. Mama anataka kutibiwa, nami sina pa kumweka huyu."

Nilichomoa waya ukutani, nikafungua. Rezista ya omu mia tano imeungua, nami nilikuwa na za elfu moja tu. Kwa pupa nikaunga mbili mkia kwa kichwa. Nikawasha: kimya. Nilizidisha ukinzani, umeme uliopita haukutosha kuvuta swichi ya kipasha joto. Nikachomoa tena, nikapiga bismillahi, nikaziunga ubavu kwa ubavu, na safari hii nikapima kwanza. Mia tano. Nilipowasha, swichi ikalia ta. Tulikipima kitanda kitupu kwa kipimajoto mpaka joto likatulia, ndipo mtoto akalazwa na Bi Salma akamkimbilia mama.

Aliporudi alimshika mtoto miguu. "Alhamdulillahi, imepata joto. Na mama yake damu imekatika."

Nikatoka nje, nikalia.

Fundi Mkuu nilimweleza yote kwa simu, mpaka kosa langu. "Liandike kwenye daftari la mashine," akasema. "Atakayekufuata naye atakuwa na haraka."

Sasa nshastaafu. Vijana huniuliza kama naitamani kazi. Kazi naitamani, ile hofu, hapana. Miaka yote simu ikilia moyo ulinipasuka, nikidhani kitanda kingine kimezima. Siku hizi ikilia huwa mwanangu, anauliza nimepika nini.