Tulikuwa Tunacheza

Kazi yangu mjini Kasongo ilikuwa kusahihisha ripoti ya kutathmini programu ya utamaduni ya mji, na makosa ya lugha ya watu yalikuwa yamenichosha. Mama mmoja, kiongozi wa kikundi cha ngoma cha kijiji cha Lusangi, alikuwa ameandika: "Tulikuwa tunacheza kila Jumapili."

Kikundi kiko hai, nikanung'unika, mbona anakiandika kama marehemu? Nikabadilisha: "Tunacheza kila Jumapili." Kisha nikampigia simu, nikamsomea.

"Mwalimu, rudisha maneno yangu," akasema. "Tulikuwa."

Nyuma ya sauti yake nikasikia mbuzi, pikipiki, watoto wakilia.

"Mama, muko wapi?"

"Tuko njiani, tunakimbia vita. Lusangi hakubaki hata mutu mumoja. Na nyinyi kule Kasongo, mungali munacheza?"