Pampu ya Kigoma na Pampu ya Hapa

Jumanne, kwenye kituo cha afya hapa Kalemie, mama mmoja alimwekea muuguzi mezani pampu mbili za pumu, moja ya hapa, nyingine ya Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Mgongoni kwake binti yake alikuwa akihema, kifua kinalia filimbi.

"Papa, ya Kigoma njo kali," alisema. "Nilizionja zote kwanza, kama uji wa mutoto. Hii ilinitetemesha mikono."

"Mama, dawa ni moja. Inabakia mudomoni mwa mutoto tu, haifike kwenye mapafu."

Muuguzi akatoboa kitako cha chupa tupu ya plastiki ya maji, akachomeka pampu moja, akaibonyeza, akampa mtoto avute kupitia mdomo wa chupa. Polepole filimbi ikanyamaza.

Mabingwa wa dawa wana namna zao za kulinganisha dawa. Mama huyu alitumia kifua chake. Na alipopewa chupa aende nayo nyumbani, kwanza aliipeleka mdomoni mwake.