Ugomvi wa Chumvi Barazani kwa Mdachi

Juzi, kwenye baraza ya boma la Wajerumani hapa Morogoro, watu wazima wawili nusura washikane mashati kwa ajili ya chumvi. Mmoja alikuwa mwenye duka, Mhindi mwenzangu kutoka Kachi. Wa pili alikuwa mkulima wa Matombo, rozari shingoni. Mimi fundi cherehani nilikaa katikati yao. Sote tuliitwa kulipa kodi.

"Chumvi umeipandisha tena!" mkulima alimwambia mwenye duka. "Mmekuja kutunyonya."

"Na ndizi zako je, mzee? Hazijapanda? Mimi nina kodi ya duka!"

"Na mimi nina kodi ya kibanda. Kama huwezi, rudi kwenu!"

"Nirudi wapi? Wanangu wamezaliwa hapa!" Mwenye duka alikuwa akijipiga kifua. Hilo "kwenu" lilinichoma hata mimi.

Dirisha likafunguliwa. Mdachi mwenye kukusanya kodi akatoa kichwa, sigara mdomoni.

"Kelele! Kodi imepanda, ya duka na ya kibanda. Mmesikia?"

Mwenye duka alivua kofia. Mkulima akavua yake, nami yangu.

"Ndiyo, bwana mkubwa," tukaitikia kwa sauti moja.

Tangu nifike nchi hii sijapata kutusikia tukikubaliana upesi namna ile. Hasira iliyokuwa barazani pale ingetosha kung'oa dirisha na fremu yake, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeinua macho kulitazama.

Lilipofungwa, wawili wale wakarudi kwenye chumvi.