Tiki ya Kijani na Kaburi Namba Nne

Mimi ni mtu wa kuzima. Waulize wenzangu wa masjala, watakwambia huyo mama akitoka chumbani hakibaki kitaa hata kimoja kinachowaka. Radi za Dodoma ziliwahi kuniunguzia televisheni na friji kwa mpigo mmoja, na tangu hapo sitoki nyumbani kwangu Chang'ombe kabla sijazunguka swichi zote za ukutani: pasi, jiko, televisheni, na rauta ya waifai. Nikienda kulala, hivyo hivyo. Wanangu walilalamika mpaka wakachoka. Niliwajibu kwamba nyumba ikiungua waniambie watalala wapi, na mjadala ukaishia hapo.

Mwaka ule barabara mpya ilipangiwa kupita kwenye shamba la babu, upande wa Ihumwa, tukaambiwa makaburi yahamishwe. Yalikuwa kumi na moja, malundo ya mawe tu, bila msalaba wala maandishi. Wazee wetu hawakuandika. Waliokuwepo walijua nani kalala wapi, basi. Sasa aliyebaki anayejua alikuwa mtu mmoja, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Na yeye alikuwa na ombi moja. Mtoto wake wa kwanza alifariki kabla hajaanza kutembea, akazikwa pale shambani. Shangazi alitaka, popote tutakapowapeleka hao watu, siku yake ikifika alazwe kando ya huyo mtoto.

"Usije ukanichanganyia mwanangu," aliniambia. "Sikumlea hata mwaka. Nataka nikalale naye."

Kaka yangu alinikabidhi mimi kazi ya orodha, kwa kuwa ndimi karani wa familia. Tukaenda shambani na shangazi na fimbo yake. Nikaandika namba kwa chokaa kwenye kila lundo, nikapiga picha, na yeye akaeleza nani yumo. Nilimrekodi kwa simu, rekodi moja ndefu ya karibu saa nzima, maana hakukubali kuharakishwa. Kila mtu alimweleza na ugonjwa wake na waliomlilia, Kigogo kikichanganyika na Kiswahili. Mimi sikuandika hata mstari. Mtu wa masjala, jamani, sikuandika! Nilijiambia nitatulia siku moja, nimsikilize vizuri, nipange majina kwenye jedwali zuri.

Simu yangu ilikuwa na programu ya kuhifadhi nakala. Bwana wa kompyuta wa ofisini ndiye aliyeniwekea. Alinielekeza kwamba simu ikishika waifai, picha na sauti zitapanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha zitashuka kwenye laptop yangu. Nikawa nachungulia laptop. Picha zote kumi na moja zilifika, na kando ya folda ikatokea tiki ya kijani. Ile tiki niliiamini kama sahihi ya mkurugenzi. Baada ya wiki mbili simu ikaanza kulalamika kuwa imejaa, nikafuta vilivyomo. Nikaingia na kwenye pipa la taka nikalimwaga, kwa sababu nilikuwa najiona mtu msafi.

Haikupita wiki, shangazi akapigwa na kiharusi. Mdomo ulienda upande, maneno yakakatika kabisa. Tulilia sote hospitalini. Lakini moyoni nilishukuru Mungu kwamba sauti yake ninayo, nikalala na shukrani hiyo siku kadhaa.

Makaburi yalikuwa yahamishwe Jumamosi. Alhamisi asubuhi nikafungua laptop niandike orodha. Picha zipo. Rekodi nayo jina lake lipo, ila kando yake kuna alama nyekundu. Nilipoibonyeza yakatokea maandishi kwamba usawazishaji, yaani kule kupanda na kushuka kwa faili, umeshindikana, faili halionekani kwenye kifaa lilikotoka. Kifaa lilikotoka ni simu yangu, na simu nilishaifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilizima programu nikaiwasha. Nikatoka kwenye akaunti, nikaingia upya. Nikatafuta kwenye pipa la taka la mtandaoni, nikatafuta kwenye kompyuta ya ofisini. Mwisho bwana wa kompyuta akanifungulia ukurasa unaoonyesha programu ilifanya nini kila siku, na hapo ndipo nilipojiona. Imeanza kupandisha, imekatika. Imeanza upya, imekatika. Saa za kukatika zilikuwa zile zile ninazotoka kwenda kazini na ninazokwenda kulala. Picha ni nyepesi, zilipita. Rekodi ilikuwa nzito, na mtandao wa kwangu ni wa kujikongoja. Ilihitaji saa nyingi mfululizo, na kila mara mimi nilifika ukutani nikazima rauta kabla haijamaliza, ikarudi mwanzo. Na ile tiki? Ilikuwa inasema tu kwamba laptop ina kila kilichofika kwenye hifadhi. Rekodi haikuwahi kufika, lilitangulia jina tu.

Nikaipeleka simu kwa fundi mjini. Aliishughulikia tangu mchana hadi jioni, mimi nipo kwenye benchi, soda mkononi, hainyweki.

"Mama," alisema, "ile nafasi imeshaandikwa vitu vingine. Humu hakuna kitu."

Niliporudi nyumbani nikakaa na picha, nikajaribu kukumbuka. Saba nilikuwa na uhakika nayo, yakiwemo ya babu na bibi zangu. Yakabaki manne, namba nne, tano, nane na tisa. Yote malundo madogo, yote ya watoto, na wa shangazi ni mmojawapo. Niliogopa, sitaficha. Niliogopa mpaka nikashindwa kumpigia kaka simu.

Ijumaa nikaenda kwa shangazi. Nikamwamkia, nikaushika mkono wake mzima, nikamwekea picha mbele ya macho. Ukweli sikumwambia.

"Shangazi, mwanao ni huyu?"

Namba nne. Akaniminya mkono kwa nguvu. Nilitaka kupiga vigelegele. Lakini kazi ya masjala imenizoeza kuhakiki, nikamwekea namba tano, nikauliza vile vile. Akaniminya. Namba nane, akaniminya. Namba tisa, akaniminya, na machozi yakamtoka. Alikuwa ananitazama kwa upendo mtupu. Nikaelewa kwamba hakuwa anajibu swali. Alidhani nimekuja kumliwaza.

Jumamosi ndugu walijaa shambani. Masanduku madogo yalikuwa yamepangwa, kila moja na kibandiko kisichoandikwa. Mzee wa kanisa aliomba, kazi ikaanza. Kaka alishika kalamu, akawa anauliza namba, mimi nataja mtu. Moja, mbili, tatu, hazikunisumbua.

"Namba nne nani?"

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema sijui. Ukoo mzima ulikuwa unanitazama, na wote waliniamini.

"Mtoto wa shangazi," nikasema.

Kaka akaandika. Tano, nane na tisa nikazigawa hivyo hivyo, kwa sauti isiyotetemeka, na sijui niliitoa wapi.

Shangazi aliishi hadi mvua zilipokwisha. Tulimzika kwenye makaburi mapya, kando ya namba nne, kama alivyotaka. Wanawake walinishika mabega wakanipongeza, eti bila mimi yule mama asingelala na mwanawe. Kaka alinisifu mbele ya watu, na mimi niliitikia kwa kichwa. Zamu yangu ya kurusha udongo ilipofika, udongo mwingi uliishia miguuni pangu. Wenzangu wote walimwambia apumzike kwa amani. Mimi nilimwambia polepole, shangazi, kama si yeye, nisamehe.