Mgeni wa Kwenye Kioo cha Kamera

Usinicheke kwanza. Haya sikuhadithiwa na mtu wala sikuyaota. Yamenikuta mimi, hapa hapa Gando, mchana kweupe, miaka ile kabla ya Mapinduzi, na aliyeumia ni mdogo wangu Raya, ambaye naishi naye mpaka leo.

Wakati ule nilikuwa nikiuza katika duka la Mhindi mmoja Wete. Alikuwa na kamera ya sanduku, ile unayoishika kifuani, ukainamisha kichwa na kumtazama mtu kwenye kioo kidogo cha juu. Nilimbembeleza mpaka akaniazima. Harusi ya Raya ndiyo ya kwanza kupiga picha maishani mwangu, na niamini, nilijiona bwana mkubwa.

Baba alikwishafariki, kwa hiyo walii wa kumuozesha Raya ni mimi. Adhuhuri nilitakiwa msikitini, nishikane mkono na Faki, kijana mpole wa Fundo, nimtamkie, "Nimekuoza ndugu yangu Raya." Naye ajibu, "Nimekubali." Niliogopa kubabaika mbele ya watu, basi tangu alfajiri nilikuwa nikiyarudiarudia maneno yale peke yangu.

Asubuhi ile nikaingia kwa bibi harusi. Wanaume hawaingii, lakini mimi ni kaka. Shangazi yetu, Bi Mize, akawatoa wageni, akamkalisha Raya mkekani karibu na dirisha apate mwanga, kisha akasimama nyuma yangu. Nikainama kwenye kioo. Ubavuni mwa Raya palikaa mtu mwingine, mrefu, amejitanda kanga mpaka usoni. Nikadhani ni somo wake, yule anayemfunda. Ungedhani nini wewe?

"Sogea, bibi, mshike mkono ipendeze," nikamwambia.

"Wanipa?" akauliza. Sauti ilikuwa nzito kidogo, nikasema moyoni labda ana mafua.

Nikacheka. Furaha ilikuwa imenipanda kichwani. "Nshakupa miye! Nimekuoza ndugu yangu Raya."

"Nimekubali," akajibu, akamshika mkono. Nikabonyeza.

"Mwanangu, wasema na nani?" Bi Mize akaniuliza.

Nikainua kichwa. Alikuwapo Raya peke yake, mkono wa kulia kaunyoosha hewani, vidole vimebanwa, machozi yanamtoka na hawezi kuurudisha. Ukaja ukalegea baadaye. Ningeisimamisha harusi saa ile ile! Lakini wageni wa Fundo walikwishafika, pilau limo jikoni, nami nikaona haya. Nikaenda msikitini, nikamshika Faki mkono, nikayatamka maneno yale yale bila ya kubabaika.

Faki alipoingia kwa mkewe na kumgusa, Raya akaanguka akatoa povu. Siku ya pili vile vile, na ya tatu. Tukamleta mwalimu wa Kurani, akasoma na kufukiza kwa siku saba. Ya saba kile kitu kilichompanda kikanigeukia, kikasema kwa kinywa cha Raya, "Shemegi, mbona huniamkii?"

Nililia mbele ya watu. Nikamwambia nilifanya mzaha, nikamsihi ampe talaka.

"Sikugombana na mke wangu. Nimwache kwa lipi?"

Mwalimu akamwambia kuwa ndoa haina mashahidi. Kile kitu kikacheka. "Walikuwapo wawili dirishani. Nyie tu hamkuwaona."

Mwalimu akafunga kitabu. Nje akaniambia ndoa haifanyiwi mzaha, hasa na walii, na kwamba Faki amekuja wa pili. Akaondoka bila ya kuaga. Faki, maskini, alisubiri misimu miwili ya karafuu, kisha akaja kumwacha huku analia kama mtoto.

Picha ilipooshwa alionekana Raya tu, na mkono wake. Niliichana.

Siku nyingi huwa si yeye; chache tu huzindukana akawa Raya yule yule. Siku moja ya namna hiyo aliniangalia sana, akaniambia, "Kaka, uliniozesha mara mbili kwa siku moja. Mbona hukuniuliza hata mara moja?"



Basi wewe unayenisikiliza, kama una dada au binti mikononi mwako, usiyachezee maneno yale, na kabla hujayatamka muulize mwenyewe, akujibu kwa mdomo wake. Mimi nimeshachelewa. Nimezeeka, na sijui nikifa nani atamtazama. Kila jioni nampelekea chakula chumbani kwake. Napiga hodi kwanza, halafu nangoja, kwa sababu huwa wako wawili.