Mlango Unaofunguka kwa Ndani

Kila asubuhi, kabla watoto hawajapanda ngazi, shangazi yangu huingia darasa la pili, huufunga mlango, kisha huuvuta. Mara tatu. Ukifunguka mara zote tatu, ndipo anapoanza kufuta ubao.

Mlango ni wa chuma, nao hufunguka kwa ndani. Darasa liko ghorofani, madirisha yana nondo, watoto ni arobaini na wawili. Tangu alipopewa darasa hilo, jambo moja halikumtoka kichwani: siku ya hatari watoto wataukimbilia mlango, watabanana hapo, na hakuna atakayeweza kuuvuta kwa kuwa wao wenyewe wameuziba. Aliandika barua mbili kuomba ugeuzwe. Mwalimu mkuu alimjibu kwamba mlango si tatizo, watoto wafundishwe kutii.

Basi akawafundisha kutulia. Kila siku baada ya mapumziko: kaa chini ukutani, mkono tumboni, fumba macho, vuta pumzi polepole, sikiliza mpaka upate sauti tatu. Walimu wenzake wakamwita Mama Pumzi.

"Mama Pumzi, leo umelaza wangapi?"

"Wote. Umebaki wewe tu, njoo."

Alicheka nao, lakini nyumbani alikuwa akishtuka hata sufuria ikianguka.

Mwezi uliopita, katikati ya somo la hesabu, moshi uliingia kwa chini ya mlango. Stoo ya madaftari ya zamani, chini ya ngazi, ilikuwa inaungua. Shangazi alishika kitasa, akavuta. Mlango haukusogea. Asubuhi ulikuwa umefunguka mara zote tatu.

"Mwalimu, moshi!"

Madawati yakaanza kukwaruza sakafu. Wa mbele walikwisha simama, macho yote mlangoni.

"Chini," alisema, kwa sauti nyembamba kama uzi. "Wote ukutani kule. Mkono tumboni. Nani atanipa sauti tatu?"

Kwa kitambo hakuna aliyesogea. Kisha msichana mmoja mdogo, yule ambaye siku zote husinzia kwenye zoezi hilo, akaenda akakaa. Wengine wakamfuata. Mmoja alilia, mkono uko tumboni vilevile. Moshi ulikuwa umejaa darini, sasa unashuka.

"Nasikia mtu anakohoa."

"Ni wewe mwenyewe!"

"Nasikia moto," alisema mwingine.

"Mwalimu, nasikia funguo."

Mlinzi wa shule hatembei bila rundo la funguo kiunoni. Wote wakanyamaza, na katika ukimya ule sauti yake ikapenya chuma kutoka nje ya mlango, hafifu: "Bawaba imeshuka! Inua, mwalimu! Inua huku unavuta!"

Akainua. Akavuta. Mlango ukafunguka, na nyuma yake hapakuwa na mtoto hata mmoja wa kuuzuia. Walishuka wameshikana mabega, vitambaa puani. Alipowahesabu uwanjani walitimia arobaini na wawili. Akarudia kuwahesabu.

Fundi alikuja kupima mlango. Hajarudi. Shangazi bado anauvuta kila asubuhi, siku hizi mara kumi.

Nilimuuliza swali moja tu: "Na wewe, shangazi, zile pumzi zilikutuliza?"

"Hapana," alisema. "Mimi niliogopa tu."